Mwalimu wa Magazeti ya Jana

Alhamisi, Agosti. Tangu asubuhi upepo na vumbi hapa Voi, na ukitazama upande wa milimani ni ukungu mtupu, huwezi kujua kama milima bado ipo au imehamishwa. Naandika mchana huu nikimngoja mtu arudi kutoka Mghange, kule juu mlimani.

Mama mkwe wangu alifariki Jumatatu. Yuko mochari. Kaburi lake linatakiwa kuchimbwa nyumbani Mghange na watu wa ukoo, kama ilivyo desturi yetu, na mazishi ni Jumamosi. Lakini mpaka jana ukoo ulikuwa haujagusa jembe, kwa sababu haujakubali kwamba amekufa. Wanataka ushahidi. Aliyeupeleka huo ushahidi leo ni mwalimu mmoja mstaafu, na ni yeye huyo huyo aliyewafundisha kutoamini. Majirani wamenikataza kushika sufuria, eti mfiwa hapiki. Nikikaa bure nitalia, kwa hivyo afadhali niandike habari zake. Niliishia darasa la nane, na kama angesoma ukurasa huu angeurudisha na mistari myekundu. Bahati nzuri yuko mlimani.

Jina lake siandiki. Simfichi, maana nusu ya mtaa wetu wa Kaloleni inamjua. Ni vile tu sote tulimwita Mwalimu, hata walimu wenzake walimwita Mwalimu, na nikianza kumwita jina nitaona kama naandika habari za mtu mwingine.

Alikuwa ameandikwa kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa hapa mjini. Kazi aliyojiandika mwenyewe ilikuwa kuwafundisha watoto kusoma gazeti, na kuandika kama watu wa gazeti. Tunajua walimu wa hesabu wanaofuga kuku wa kuuza, na walimu wa dini ambao ni madalali wa viwanja. Huyu wetu baada ya masomo hakuuza kitu. Ndiyo maana watu walimshuku.

Gazeti la siku hiyo hakuwa nalo. La shule lilikuwa likiingia ofisi ya mwalimu mkuu, linasomwa na mwalimu mkuu, halafu linasomwa na karani, halafu linawekewa vikombe vya chai. Kwa hivyo Mwalimu alikuwa akipita jioni kwenye duka la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa asili ya pwani, kuchukua yale ya jana yaliyokosa mnunuzi. Mwenye duka alikuwa na maneno yake.

"Mwalimu, la leo hulinunui, la jana wachukua bure. La kesho je, nikuwekee?"

"La kesho sina haraka nalo, sheikh. Mambo ni yale yale, watabadilisha tarehe tu."

Wakacheka wote wawili, na kesho yake wakasema vile vile tena. Mimi niliwasikia miaka yote hiyo kwa sababu kibanda changu cha viazi karai na maandazi kilikuwa katikati ya duka na geti la shule. Yaliyobaki dukani baada ya Mwalimu kuchagua nilipewa mimi, ya kufungia viazi. Kwa hivyo tulikuwa tukigombania mali moja, na mwenye elimu hakushinda kila siku.

Alikuwa akinunua maandazi mawili, anayafungua, anayaacha juu ya meza yangu na nzi, anasoma karatasi. Siku moja aliniambia, "Mama Wakesho, habari hii imekatika. Inaendelea ukurasa wa nane. Ukurasa wa nane uko wapi?"

"Ameenda nao fundi wa baiskeli, na viazi vyake."

"Ameelekea wapi?"

Nilidhani ni mzaha. Akamfuata. Alirudi na ukurasa umejaa mafuta, na nikasikia baadaye kwamba fundi alimalizia viazi vyake kwenye kiganja. Nisimwonee: kengele ilikuwa imelia na darasa linamngoja, lakini lilikuwa darasa lake, na ule ukurasa ndio aliokwenda kufundisha.

Alifundisha gazeti lisomwe kuanzia matangazo madogo. Ukurasa wa kwanza, alisema, ni pale wakubwa wanataka uangalie, na matangazo madogo ni pale wanatarajia usiangalie. Watoto wa kidato cha pili wakawa wanajua nani amepoteza hati ya shamba na nani anauziwa nyumba kwa mnada, wakati sisi wazazi tunazozana juu ya siasa za Nairobi kama watu wenye shamba huko. Kisha kila habari iliulizwa maswali matatu. Nani amesema? Nani ameona? Nani hakuulizwa? Watoto waliyaimba mpaka yakaingia majumbani. Binti yangu Wakesho alikuwa kwenye klabu yake ya gazeti. Jioni moja nikasema baba yake amechelewa kwa sababu ya kazi. Mtoto akainua kichwa kwenye vitabu akaniuliza, "Nani ameona?" Yaliyofuata siyaandiki, lakini elimu iliingia nyumbani kwangu usiku ule, na haikubisha hodi.

Kazi za watoto zilibandikwa kwenye ubao karibu na geti, wakauita gazeti la ukutani. Hapo ndipo habari ya ndovu ilipotoka. Ndovu waliingia shamba la mzee mmoja wakamaliza mahindi, watoto wakaandika, Mwalimu akairudisha.

"Upande wa ndovu uko wapi?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Aliwatuma kwa maaskari wa wanyamapori, na askari mmoja, nadhani kwa kuwaondoa tu, akasema ndovu walikuwa na kiu. Ikaandikwa hivyo hivyo. Mwenye shamba akaja shuleni amefura.

"Mmeandika ndovu alikuwa na kiu. Na mimi nilikuwa na nini?"

"Mzee, wewe umepewa aya mbili," Mwalimu akamjibu. "Ndovu amepata moja."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikikaanga viazi, na sijaamua. Mahindi yale yalikuwa chakula cha nyumba. Na ndovu, kwa haki, kweli hakuwahi kuulizwa.

Alikuwa na vituko vingine ambavyo naviandika ili picha isiwe ya kitakatifu. Alisema habari nzuri ni fupi, na hakuwahi kueleza ufupi huo chini ya saa nzima. Aliwakataza watoto maneno ya sifa, eti sifa ni chumvi na nyama iliyooza ndiyo hutiwa nyingi. Halafu muulize kuhusu mbuzi wake wa maziwa, utasikia "mtulivu, mpole, mwenye haiba". Mbuzi huyo alikula kanga yangu. Alifundisha usiamini kitu kwa sababu tu kimechapishwa, lakini ukurasa wa nyota aliusoma kila siku, amegeukia ukuta. Nyota ikisema epuka mabishano, hakwenda mkutano wa walimu. Nilipomuuliza, akasema anafanya uchunguzi. Uchunguzi umechukua miaka mingi na matokeo bado hayajatoka.

Sasa nifike kwenye tanzia.

Alikuwa na imani kwamba hakuna habari ngumu kama tangazo la kifo. Ukimkosea mkubwa, alisema, atakuita ofisini mtazungumza; ukiruka jina la shemeji kwenye tanzia, mtarithishana kesi hiyo mpaka wajukuu. Kwa hivyo aliwapa watoto zoezi: kila mtoto amchague mzee wa nyumbani, aliye hai, amhoji, aandike tanzia yake. Mzee asomewe akiwa hai, arekebishe mwenyewe. Ukiifikiria vizuri ni akili sana. Ukiwa Mtaita na mama mkwe mzee nyumbani, ni uchuro mtupu.

Lakini mama mkwe alifurahi. Alikaa uani na Wakesho jioni mbili, anakoboa mbaazi, anataja watu. Alisahihisha. Aliondoa mtu mmoja aliyemkosea zamani, halafu akamrudisha, akasema, "Muweke, lakini mwisho." Zoezi likatoka la kwanza darasani, likabandikwa juu kabisa kwenye ubao, na picha yake amevaa kitambaa cha kanisani. Juu palikuwa pameandikwa ZOEZI kwa wino mwekundu.

Wakati wa mkutano wa wazazi, mtu mmoja wa Mghange mwenye mtoto pale alipita getini, akaona, akashtuka, akapiga picha. Simu ikakata lile neno la juu. Akatuma kwenye grupu ya kanisa. Mimi sikujua kitu. Nilikuwa kibandani, na niliporudi nyumbani nikasikia wanawake wanaimba njiani. Wakaingia uani na mikungu ya ndizi, kuni kichwani, kanga zimefungwa kiunoni tayari kwa kazi. Mbele yao baba mdogo wa mume wangu, mdogo wa marehemu baba yake, amevua kofia. Na mama mkwe ameketi pale pale na ungo wake wa mbaazi.

Wimbo ulikufa katikati.

"Karibuni," akasema mama mkwe. "Nani amefariki?"

Baba mdogo akasema, "Shemeji, tulisikia ni wewe."

Mama mkwe aliomba asomewe ile tanzia kwenye simu. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kwenye majina, halafu akaanza kuwatazama waliokuja, mmoja mmoja, na kuuliza waliokosekana. "Mbona yule hakuja? Alisema ana nini?" Walipotaka kurudi na ndizi zao akasema ndizi zikishashuka mlima hazipandi tena. Tulizila wiki nzima. Sitasema uongo, zilikuwa tamu.

Mwalimu mkuu alitaka kumfukuza Mwalimu, au angalau alisema hivyo mbele ya wazazi. Ubao ukapakwa rangi, ukaandikwa dira na dhamira ya shule. Hizo hazijawahi kumuua mtu, wala sijaona mtu akisimama kuzisoma. Lakini Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: sahihisho litolewe pale pale kosa liliposomwa, na kwa ukubwa ule ule. Kosa lilikuwa limesomwa Mghange. Jumapili akapanda Mghange. Mume wangu alimsindikiza na ndiye aliyenisimulia, kwa hivyo haya nimeyasikia tu.

Alisimama kanisani baada ya matangazo, akasoma kwenye karatasi kwamba mama huyo hajafa, na kwamba gazeti la ukutani linaomba radhi kwa familia, kwa ukoo, na kwa mwenyewe. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Angeketi hapo mambo yangeisha. Lakini makofi si kitu cha kumpa mwalimu. Akaendelea. Akawafundisha yale maswali matatu, kanisa zima, wazee kwa watoto, wakayarudia kwa sauti. Akawaambia wasiamini tena tanzia ya simu, iwe na picha isiwe na picha. Waulize nani ameona. Na aliyeona asiwe mtu mwenye faida yake. Mhubiri aliyefuata, mume wangu anasema, alifupisha.

Tulirudi kwenye maisha yetu. Wakesho alimaliza shule, sasa yuko chuo Mombasa. Mwalimu alistaafu, akahamia kijiji cha Mata kwenye shamba la mkewe, kulima nyanya na ndizi. Aliyebaki na jambo hilo ni mama mkwe. Furaha ilimtoka polepole, ikaja hofu. Alikuwa akiniuliza tukiwa wawili tu, "Mama Wakesho, siku yenyewe watakuja?" Namwambia watakuja, wasije kwa nini. Ananiangalia. "Walishakuja," anasema. Mzee wa Kitaita haogopi kufa sana. Anaogopa kuzikwa na watu wachache, kaburi limechimbwa na vibarua. Miaka ya mwisho hakuzungumzia kitu kingine, na mimi, nikiwa nimechoka, nilikuwa namjibu ndio mama, watajaa.

Jumatatu akaenda. Asubuhi, bila vurugu, kikombe cha uji mkononi. Mume wangu akatuma kwenye grupu ya ukoo. Wa kwanza kujibu aliweka vikatuni vya kucheka. Wa pili akauliza, "Ni zoezi?" Mume wangu akampigia baba mdogo, akaweka simu kwa sauti ili nisikie.

"Baba mdogo, mama ametuacha."

"Pole. Nani amemwona?"

"Mimi! Mimi ni mwanawe."

"Ndio, wewe ni mwanawe, kijana wangu. Huo ni upande mmoja."

"Nikutumie picha?"

"Hata ile ya kwanza ilikuwa picha."

"Basi shukeni mje muone."

"Tulishuka," akasema baba mdogo. "Tukamkuta anakoboa mbaazi. Ndizi zetu mkala. Nani atalipa nauli kuchekwa mara ya pili?"

Mume wangu alitupa simu kitandani. Mimi nilikasirika pia, na bado nimekasirika, lakini haki yao niwape. Walifundishwa somo mara moja, kanisani, na wamelishika kuliko walivyoshika Amri Kumi.

Nikampigia Mwalimu. Jana alishuka stendi na gunia dogo la nyanya. Amekonda, mvi zimemfika masikioni, lakini kalamu bado iko mfukoni.

"Pole sana, Mama Wakesho. Alifariki saa ngapi?"

"Mwalimu, si ungemaliza pole kwanza?"

"Pole nimeshasema. Saa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba namtaka aandike tanzia yeye, kwa mkono wake, tuitume mlimani, watamwamini.

"Mimi ndiye wa mwisho wa kuaminiwa," akasema. "Nilishamuua mara moja. Karatasi yangu watasema ni zoezi la pili." Akaweka gunia chini. "Nipeleke nikamwone."

Mochari yule kijana wa mlangoni alimuuliza yeye ni nani wa marehemu. "Si mtu wake," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana nimekuja." Kijana akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kwamba amruhusu. Ndani, Mwalimu alivua kofia. Alimtazama muda mrefu, akafuta miwani, akamtazama tena. Aliniuliza jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, ingawa nina hakika alikuwa analikumbuka. Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Nilipomgeukia nikaona mkono wake hauandiki, kalamu imeshikwa tu.

Tulikaa nje kwenye benchi. Mtu huyu nilimjua anatunga kichwa cha habari hata cha paka aliyeanguka kisimani.

"Sina kichwa," akaniambia. "Sijui kianze vipi."

"Usiandike basi. Sema tu."

"Wakiniuliza maswali je?"

"Si ni yako?"

Akacheka kidogo, akavaa kofia. Leo alfajiri ameondoka na bodaboda kupanda Mghange, na mimi naandika na kuangalia barabara.

Jioni. Amerudi.

Ameingia uani viatu vimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye nyuzi, suruali imelowa ukungu. Mume wangu alisimama. Hakuna aliyemkaribisha kiti, tulisahau.

"Nilifika kwa baba mdogo," akasema. "Aliita wengine. Nikawaambia safari ile nilikuja kusema hajafa, leo nimekuja kusema amekufa. Wakauliza nani ameona. Nikasema mimi, jana, mochari, kwa macho haya. Wakauliza una faida gani. Nikasema sina, ila aibu. Wakauliza nani hakuulizwa. Nikawaambia mwenyewe tu ndiye hajaulizwa, na miaka hii yote yeye ndiye alikuwa anauliza kama mtakuja."

Nilikuwa nimemweleza hilo jana, njiani. Sikujua kama alisikia.

"Wakasema nini?" mume wangu akauliza.

"Baba mdogo aliingia ndani akatoka na jembe. Nimekaa mpaka nimeona. Udongo wa juu ni laini, chini kuna mawe. Nilipoondoka shimo lilikuwa limemfika kiunoni aliyekuwa ndani. Kama watamaliza leo sijui, siwezi kusema nisiloliona."

"Kwa hivyo wameamini," nikasema.

"Hilo sikuwauliza, Mama Wakesho. Wanachimba."

Nikaenda nyuma ya nyumba kidogo. Niliporudi nilikuta amepewa kiti na maji ya kunawa, na majirani wanapakua. Jioni hii tumekula wali na maharagwe ya nazi, na kachumbari ya zile nyanya za Mata. Mwalimu amekula sahani mbili, akasema wali una mawe. Ni kweli, yalikuwemo.